Kitambaa cha maji au daftari la hesabu? Vifaa vya kuandikia hanzi vilivyopimwa kwa 马

Seti ya kuandikia hanzi, yaani herufi za Kichina, kwa maji huja katika boksi jembamba: kitambaa kilichoviringishwa, brashi moja au mbili, kisahani cha plastiki na, mara nyingine, karatasi ya mifano. Wino haumo, na karatasi ya kuandikia haihitajiki. Unachovya brashi kwenye maji, unaandika, mstari unatokea mweusi kama wa wino, na baada ya dakika chache umefutika wenyewe. Jijini Nairobi unaipata kwa kuagiza mtandaoni au katika baadhi ya maduka ya bidhaa za China, na anayeiuza hatakosa kukuambia kwamba itakufundisha kuandika Kichina. Hapa tumeiweka mezani pamoja na daftari la miraba na programu ya simu, na kuvipima vyote kwa hanzi moja: 马, mǎ, yaani farasi.

Hanzi hiyo haikuokotwa tu. Ina mistari mitatu pekee, hivyo anayeanza leo anaweza kuimaliza leo. Lakini ndani ya mistari hiyo mitatu zimo kona, ndoano na mwanya, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Isitoshe, ni hanzi yenye kazi huku kwetu. Mwongoza watalii anayewapokea wageni Wachina pale uwanja wa ndege wa JKIA atahitaji kutaja punda milia (斑马, bānmǎ), kiboko (河马, hémǎ) na nyumbu (角马, jiǎomǎ). Wote watatu kwa Kichina ni farasi: farasi wa mabaka, farasi wa mto, farasi mwenye pembe. Mbuga anakowapeleka ni 马赛马拉, Mǎsài Mǎlā, ambamo 马 imo mara mbili, ingawa hapo imekopwa kwa sauti yake tu. Akivuka mpaka kwenda kuwaonyesha Kilimanjaro, 乞力马扎罗, ataikuta tena, katikati kabisa ya jina.

Walimu wapo. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika. Ambacho mwanafunzi hakipati kwa urahisi ni ushauri wa nini anunue na nini aache, na pesa nyingi hupotelea hapo.

Kitambaa chenyewe

Kuna tabaka mbili. La chini ni jeusi. La juu ni utando mweupe au wa kijivu wenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Utando ukiwa mkavu hutawanya mwanga, ndiyo maana unaonekana mweupe. Maji yakijaza yale matundu, mwanga unapenya na weusi wa chini unajitokeza. Yakikauka, weupe unarudi. Hakuna kitu kinachotumika kikaisha, na ndiyo sababu kitambaa kilichotunzwa hudumu muda mrefu sana.

Ukishaelewa hilo, utaelewa pia kinachokiharibu. Mafuta huziba matundu: ukila chapati kisha ukapitisha kiganja juu ya kitambaa, sehemu uliyogusa itayakataa maji na mstari utakatika katikati kana kwamba brashi imekauka. Nawa mikono kwa sabuni, kausha, ndipo ukae. Wino huingia kwenye matundu na kubaki humo milele, kwa hiyo brashi iliyowahi kuchovywa wino isikaribie kitambaa hiki hata ukiwa umeiosha. Maji ya kisima na ya boza, ambayo mitaa mingi ya Nairobi huyategemea mfereji ukikauka, yana madini. Yakikauka huacha madoa meupe ambayo baada ya majuma kadhaa hukifanya kitambaa kionekane kina ukurutu. Tumia maji ya mvua au ya kunywa. Kisahani kimoja kinatosha kwa saa nzima, hivyo si hasara.

Kukauka kunategemea msimu. Januari na Februari, jua likiwa kali na hewa kavu, mstari mwembamba unafutika kabla hujamaliza safu. Juni hadi Agosti, baridi na mawingu yakitanda, ule mstari mnene wa kona hukaa muda mrefu zaidi na ukiandika juu yake kabla haujakauka utapata bonge jeusi. Dawa ni kuruka miraba: andika mraba wa kwanza, wa tatu, wa tano, kisha rudi kwa ile ya katikati.

Kisikunjwe kamwe. Alama ya mkunjo huvunja utando na mstari wa maji hukwama pale pale kila siku. Kiviringishe, upande wa kuandikia ukiwa nje, juu ya bomba la karatasi ngumu. Kikianza kujikunja pembeni, kiweke chini ya vitabu usiku mmoja. Pasi ya moto usiithubutu.

Brashi za seti hizi ndizo zenye kasoro kubwa. Huja ncha ikiwa ngumu kwa gundi, na anayeanza huibonyeza mezani ili ilainike, akavunja nywele. Itumbukize kwenye maji vuguvugu, si ya moto, dakika kumi hivi, huku ukiisugua taratibu kwa vidole hadi nywele zote ziachane. Maji ya moto hulegeza hata gundi ya shinani, na brashi huanza kunyonyoka. Baada ya kazi, ioshe, ibane ncha kwa vidole irudi kuwa kali, kisha itundike ncha ikitazama chini. Kile kifuniko cha plastiki kinachokuja nayo ni cha safari tu; ukikirudisha brashi ikiwa na maji, ndani huota ukungu.

Brashi ikiwa na nywele za plastiki tupu, haishiki maji: inayatema yote kwenye mguso wa kwanza na kufikia kona ya pili imekauka. Yenye mchanganyiko wa nywele laini na ngumu ndiyo inayomfaa anayeanza. Ile ya nywele za mbuzi peke yake ni laini mno, haisimami yenyewe baada ya kubonyezwa, na humchosha mtu asiye na mkono uliozoea.

马 kwa brashi, mstari kwa mstari

Tukisema mstari tunamaanisha safari moja ya brashi au kalamu bila kuinuliwa, hata kama njiani kuna kona. Chovya brashi, kisha ifute mara mbili kwenye ukingo wa kisahani. Gusa kitambaa mara moja kujaribu: nukta isizidi punje ya dengu. Ikitanda kama sarafu, maji ni mengi.

Mstari wa kwanza unaanzia kushoto juu, unakwenda kulia, unapiga kona na kushuka. Gusa, tulia, vuta kulia huku mkono ukipanda kidogo sana. Kwenye kona simama, bonyeza kidogo, kisha shuka ukiegemea kushoto kwa nyuzi chache. Kona isizungushwe kama bega la herufi n. Ni kona ya mlango.

Wa pili ndio mtihani. Unaanza kushoto, chini kidogo ya mwanzo wa mstari wa kwanza, bila kuugusa. Unashuka, unapiga kona kwenda kulia, unapita pale mguu wa mstari wa kwanza unapoishia na kuugusa, unaendelea hadi upande wa kulia, unapiga kona ya pili kushuka, na mwisho unarusha ndoano fupi kuelekea kushoto juu. Yote hayo ni mstari mmoja. Kwa Kichina unaitwa shù zhé zhé gōu: shuka, kona, kona, ndoano. Yataje maneno hayo kwa sauti mkono ukiwa safarini. Husaidia kuliko kutazama picha mara kumi. Kufikia kona ya pili, nywele za brashi huwa zimetawanyika. Inua brashi kidogo, bila kuiondoa kitambaani, ncha ijikusanye, ndipo ushuke. Asiyefanya hivyo hupata mguu mnene na ndoano iliyopasuka mara mbili kama ulimi wa nyoka.

Wa tatu ni mlalo mfupi, chini kushoto. Unaanza nje kidogo ya pale mstari wa pili uliposhukia, unakwenda kulia, na unasimama kabla ya kuufikia mguu wenye ndoano. Mwanya unabaki. Vilevile kona ya juu kushoto inabaki wazi kwa sababu mstari wa pili haukuugusa wa kwanza. Hanzi yenye mianya hiyo miwili inapumua. Ukiiziba inakuwa boksi.

Kwa kazi hii kitambaa kinastahili sifa. Kinakufundisha uzito wa mkono, mahali pa kusimama na mahali pa kuachilia, jambo ambalo kalamu ya bei nafuu haiwezi kukuonyesha kwa sababu mstari wake ni mnene sawa kote. Na kwa kuwa makosa yanafutika, mkono hauogopi. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo kasoro yake: huwezi kulinganisha ya leo na ya jana. Piga picha ya mraba wa mwisho kila siku, ukiusimamia kutoka juu wala si kwa pembe, la sivyo hutajua kama unasonga. Tena mraba wa kitambaa ni mpana kama kiganja. Mwanya unaoonekana vizuri humo hupotea ukirudi kwenye karatasi, na wengi wanaoandika 马 nzuri kwa brashi huiandika mbovu kwa kalamu.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakuambii. Karatasi za mifano zinazokuja na seti nyingi zimenakiliwa kutoka maandishi ya kale ya sanaa, na humo farasi si 马. Ni 馬, yenye mistari kumi, nukta nne za chini zikiwa miguu na milalo ya juu ikiwa manyoya ya shingo. China bara iliipunguza katika mageuzi ya maandishi ya miaka ya 1950. Taiwan na Hong Kong bado wanaandika 馬. Yote mawili ni sahihi mahali pake, lakini darasa la Nairobi na HSK, mtihani wa kupima ujuzi wa Kichina, hutumia 马, na mwanafunzi anayenakili 馬 mwezi mzima akidhani anajiandaa kwa mtihani anasikitisha. Mifano hiyo itumie kwa 永, yǒng, hanzi ya mistari mitano ambayo tangu kale hutumiwa kufundishia miendo minane ya msingi ya brashi. Kwa 马, chora mfano wako mwenyewe kutoka kitabu cha darasani.

Daftari, na lile la hesabu

Daftari la hanzi lina miraba iitwayo tianzige: kila mraba umegawanywa kwa msalaba ukafanana na 田, shamba. Aina nyingine, mizige, huongeza mistari miwili ya pembe kwa pembe, ikafanana na 米, mchele. Kwa anayeanza, tianzige inatosha. Ile mistari ya mshazari hujaza mraba mpaka macho hayajui yashike upi.

Huna haja ya kuagiza. Daftari la hesabu la viboksi, linalouzwa kila duka la vifaa vya shule kuanzia River Road hadi kibanda cha mtaani, ni tianzige tayari. Chukua viboksi viwili kwa viwili, vizungushie kwa kalamu nyekundu na rula, na msalaba unabaki katikati wenyewe. Viboksi vikiwa vidogo sana, chukua vinne kwa vinne. Lengo ni mraba wenye upande wa sentimita moja na nusu hivi. Mdogo kuliko huo utakufinya; mkubwa zaidi utakuachia hewa nyingi na hutaona kama hanzi imeelemea upande.

Penseli ya 2B ni bora kuliko kalamu ya wino wa mpira katika majuma ya mwanzo, kwani ukibonyeza kwenye kona inaonekana. Sasa weka 马 mahali pake. Mlalo wa mstari wa kwanza unakaa karibu moja ya tano kutoka juu, na mguu wake unashuka kulia kidogo ya mstari wa katikati. Mlalo wa mstari wa pili unapita karibu na katikati ya mraba, chini yake kidogo. Mguu wenye ndoano unashuka ndani ya robo ya chini kulia, na usifike kwenye mstari wa mraba. Hanzi huhitaji ukingo mtupu pande zote. Mstari wa tatu unakaa kwenye robo ya chini kushoto na kuvuka katikati kidogo tu.

Hapa ndipo unapoyaona makosa na sababu zake. Hanzi ikionekana imeanguka kulia, mguu wa mstari wa kwanza umeshuka wima badala ya kuegemea kushoto. Ikiwa fupi na pana kama chura, mstari wa pili umepiga kona mapema mno. Mstari wa tatu ukitoboa mguu wa kulia, ulianza kulia mno. Sogeza mwanzo, usifupishe mwisho. Kona ya pili ikiwa na mkatiko mdogo, uliinua kalamu, na mistari imekuwa minne. Msahihishaji mwenye jicho huuona mkatiko huo.

Chunga pia majirani. 与, yǔ, yaani "na" ya maandishi rasmi, ina mistari mitatu na ndoano ile ile, lakini haina kona ya juu kulia. 鸟, niǎo, ndege, ina mitano na nukta ndani. 乌, wū, nyeusi, ni ndege huyo huyo bila nukta, mistari minne. Andika zote nne kwenye safu moja mara moja kwa juma. Ukiweza kuziandika bila kutazama, hutazichanganya tena.

Kuhusu wingi: usijaze ukurasa. Hii ndiyo kasumba iliyowachosha wanafunzi wengi. Mtu akipewa kuandika 马 mara mia, kufikia mraba wa kumi anaanza kuandika kama kiwandani, mistari ya kwanza yote kushuka safu, kisha ya pili yote, kisha ya tatu. Mkono umefanya kazi mara mia na kichwa hakijaandika hanzi hata moja. Minane kwa kikao inatosha: miwili ukinakili mfano, kisha funika mfano kwa mkono na uandike mmoja, fungua, linganisha, sahihisha, funika tena. Ile minne ya mwisho iandike bila kufungua kabisa. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Siku utakayoshindwa kuikumbuka ndiyo siku yenye faida, mradi ujikakamue nusu dakika kabla ya kufungua.

Kwa sababu hiyo hatuyapendi madaftari yenye hanzi za kijivu za kufuatisha katika kila mraba. Kufuatisha kunafaa mara mbili, tatu, ili mkono ujue njia. Zaidi ya hapo jicho linaongoza na kumbukumbu inalala, na mwenye daftari lililojaa vizuri hushangaa akiombwa aandike 马 kwenye karatasi tupu.

Simu

Kwa haraka. Pleco ni kamusi ya simu inayopatikana bure, ikiwa na nyongeza za kulipia, na unaweza kuchora hanzi kwa kidole ukaitafuta. Skritter, ya kulipia, hukutaka uandike mstari kwa mstari na kukurudishia hanzi kwa vipindi. Zote mbili zina faida kwa mtu anayekaa saa nzima kwenye matatu ya Thika Road. Ila kidole kwenye kioo hakina ncha wala uzito, na kibodi ya kuandika kwa mkono husamehe mno: ukikosea mpangilio bado hukupa 马. Kutambuliwa na simu si ushahidi kwamba umeandika vizuri.

Ukichapa kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, usiandike "ma" peke yake. Utaletewa foleni ya 吗, 妈, 马 na wenzake. Andika neno zima, "banma" au "mashang", na simu itachagua sahihi yenyewe.

Hanzi isiyotumika hufutika kama maji

Kitambaa na daftari havikuonyeshi kazi ya 马, na hili ndilo pengo lao kubwa. Mwanafunzi anajua kuiandika, kisha anakwama akiulizwa inaingia wapi.

Kazi yake ya kwanza ni sauti. Toni ya mǎ, yaani kupanda na kushuka kwa sauti yake, ni ya tatu. Katika mazungumzo inakaa chini na haipandi mpaka mwisho wa sentensi. Kiswahili hakina toni, lakini msomaji ambaye lugha yake ya mama ni Kikikuyu au Dholuo tayari ana sikio la toni na asiogope. Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hupanda: nyumbu huandikwa jiǎomǎ lakini hutamkwa jiáomǎ. Waongozaji wengi hukosea hapo tu.

Kazi ya pili ni kuwa kipande ndani ya hanzi nyingine. Weka mwanamke 女 kushoto, unapata 妈, mā, mama. Weka kinywa 口, unapata 吗, ma, neno la kuulizia. Vinywa viwili juu, 骂, mà, kutukana. Jiwe 石 kushoto, 码, mǎ, namba: 号码, hàomǎ, ni namba, kama ya simu, na 密码, mìmǎ, ni namba ya siri, ile unayoibonyeza kwenye M-Pesa. Katika hizi zote 马 inaleta sauti, na upande wa pili unaleta maana. Ikikaa kulia inasinyaa kwa upana, si kwa urefu.

Ikikaa kushoto, inabadilika. Tazama 骑, qí, kupanda farasi, ambayo pia ndiyo ya kuendesha pikipiki. Mwenye bodaboda naye kwa Kichina yuko juu ya farasi. Hapo mstari wa tatu haulali tena, unapanda kwenda kulia ili kuukaribisha upande wa pili. Ukiulaza, utagonga 奇 iliyoko jirani. Jaribio hili ndilo tunalolipendekeza kwa kitambaa cha maji: 马 peke yake, kisha 妈, kisha 骑, mraba kwa mraba. Brashi itakuonyesha mabadiliko ya uzito kuliko penseli.

Kazi ya tatu ni maneno ya kila siku. 马上, mǎshàng, "juu ya farasi", maana yake ni mara moja, sasa hivi. 马路, mǎlù, ni barabara. 斑马线, bānmǎxiàn, mistari ya punda milia, ni kivuko cha waenda kwa miguu. 马马虎虎, mǎmǎhūhū, farasi farasi chui chui, ni hivi hivi tu, si vizuri si vibaya. (虎 kwa kweli ni chui milia wa Asia, lakini maana inafika.) Farasi huhesabiwa kwa 匹, pǐ, na punda milia huweza kuhesabiwa hivyo pia: 一匹斑马. Kiboko huhesabiwa kwa 头, tóu, kichwa: 一头河马. Ukimhesabu kiboko kwa 匹 utaeleweka, lakini utachekwa kidogo.

Sentensi mbili zinatosha kuanzia. 这是角马吗? Zhè shì jiǎomǎ ma? Huyu ni nyumbu? Humo 马 imo mara mbili, mara moja wazi na mara moja ndani ya 吗. Na 我们马上到马赛马拉, Wǒmen mǎshàng dào Mǎsài Mǎlā, tunakaribia kufika Maasai Mara. Humo imo mara tatu. Mgeni anaweza kumwita dereva 师傅, shīfu, jina la heshima kwa fundi au dereva, na dereva anayeweza kumjibu 马上到 badala ya kuonyesha vidole atakumbukwa. Ziandike sentensi hizo kwenye daftari la hesabu mara mbili kwa juma, alama za uakifishaji nazo zikipewa kiboksi chake.

Anayeelekea HSK ile yenye ngazi sita ajue kwamba kuandika kunaanza ngazi ya 3: maswali kumi, matano ya kupanga maneno yawe sentensi na matano ya kujaza hanzi moja iliyokosekana ukiwa umepewa pinyin yake. Wa karatasi huandika kwa mkono. Wa kompyuta huchapa. Kwa huyo wa kompyuta kitambaa ni starehe. Kwa wa karatasi, daftari kwanza.

Kwa hiyo mpangilio wetu wa kununua ni huu: daftari la hesabu na penseli 2B leo, kamusi ya simu leo hiyo hiyo kwa kuwa haikugharimu kitu, na seti ya maji baada ya hanzi thelathini hivi, mkono unapoanza kuchoka na mstari wa unene mmoja. Mzazi anayemnunulia mtoto wa miaka sita au saba anaweza kugeuza, aanze na maji, kwa sababu mtoto ataandika sakafuni bila kuchafua nguo na bila kuogopa kukosea.

Ukifika dukani, omba kitambaa kifunguliwe kabla ya kulipa. Chovya kidole kwenye maji na uguse kona: weusi utokee papo hapo na uwe sawa kote. Ukitokea wa kijivu wenye madoa, utando ni mwembamba. Pitisha kiganja kutafuta mikunjo. Vuta nywele za brashi polepole. Zikitoka zaidi ya mbili tatu, ikatae. Mwisho tafuta farasi kwenye karatasi ya mifano. Ukimkuta ana miguu minne ya nukta na wewe unasomea mtihani, mwombe muuzaji aitoe hiyo karatasi na apunguze bei. Kitambaa chenyewe hakina kosa.